Ukiwa na siku moja Kigali, nenda Gisozi kama unavyokwenda kuhani

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja aliniandikia: "Dada, napita Kigali siku moja tu, nielekeze sehemu za kupiga picha kali." Ujumbe ule nilikaa nao siku mbili bila kuujibu. Ulinigusa pabaya, kwa sababu mimi mwenyewe ninayo picha niliyopiga Kigali, na hadi leo sijaweza kumwonyesha mtu.

Mara ya kwanza nilifika mwaka 2016, kwa basi, kupitia mpaka wa Rusumo. Safari siisimulii. Nilikuwa na siku moja na orodha ndefu: mtaa wa Nyamirambo, Hoteli ya Mille Collines ambako watu zaidi ya 1,200 walijificha mwaka 1994, soko la Kimironko, na Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya mwaka huo dhidi ya Watutsi, pale Gisozi. Gisozi niliipangia saa moja, baada ya chakula cha mchana, kabla ya kwenda kununua vitenge.

Kuingia ni bure. Unapita kwenye historia, kisha picha za familia zimening'inizwa ukutani, za harusi, za kipaimara, za mtu amesimama na baiskeli yake mpya. Halafu unafika chumba cha watoto. Picha ni kubwa, na chini ya kila moja kuna kibao kifupi: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, na namna alivyouawa. Nilisoma vibao vitatu nikatoka nje kutafuta hewa.

Nje kuna bustani, na kuna mabamba mapana ya zege. Chini yake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Nilijua, nilikuwa nimetoka kusoma ndani dakika chache zilizopita. Lakini jua lilikuwa zuri, mji unaonekana ng'ambo kwenye vilima, nikatoa simu. Palikuwa na mama mmoja amesimama ukingoni mwa bamba, ameshika maua. Nikamwambia, "Samahani mama, naomba usogee kidogo." Akasogea. Hatua mbili, kimya, bila kunitazama. Nikapiga picha yangu, natabasamu.

Niliielewa nikiwa tayari kwenye pikipiki, kofia ngumu kichwani, naelekea sokoni. Yule mama alikuwa makaburini kwa watu wake, na mimi nimemsogeza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi si mgeni wa habari hii. Nimezaliwa Bukoba. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka minane. Mto Kagera ulileta maiti hadi Ziwa Victoria, na mama yangu akaacha kununua samaki. Tulikula maharage kila siku, tukanung'unika, wala hatukuambiwa sababu. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Yote hayo yalipita mlangoni kwetu, na bado nilikwenda Gisozi kama mtu anayekwenda ufukweni.

Kwa hiyo dada yangu, ushauri wangu ni huu: anza na Gisozi asubuhi, na uipe nusu siku nzima. Usiweke kitu kizito mchana wake. Ukiwa na nguvu, pita Kambi Kigali, iliyokuwa kambi ya jeshi, walipouawa askari 10 wa Ubelgiji wa kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa tarehe 7 Aprili 1994 wakiwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu wa Rwanda, Agathe Uwilingiyimana, ambaye naye aliuawa siku hiyohiyo. Kuna nguzo 10 za mawe, moja kwa kila askari, na matundu ya risasi bado yako ukutani. Soko liache kwa siku nyingine, au liache kabisa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi usipange lolote asubuhi, ni umuganda, watu wako kwenye usafi na kazi za jamii na maduka yamefungwa.

Na tafadhali, usimwulize mtu kabila lake. Wabelgiji ndio walioanza kuliandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo ndivyo vilivyokaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, mtu akauawa kwa neno moja lililoandikwa pale. Swali unalouliza kwa udadisi tu, mwenzako alishaulizwa na mtu mwenye panga.

Sisi kwenda msibani tunakujua. Unavaa kwa heshima, unapunguza sauti, unakaa chini hata kama humjui marehemu, hujitokezi mbele ya wafiwa. Hakuna aliyewahi kutufundisha hayo darasani. Basi yabebe yote uende nayo Gisozi. Simu iache mkobani. Ukimkuta mtu amesimama kwenye bamba, wewe ndiye wa kusogea.

Nilirudi mwaka 2019 na maua, nikakaa pale mpaka saa sita. Yule mama sikumwona, na sikutegemea kumwona. Picha ya 2016 bado ninayo. Nikiivuta karibu, pembeni kushoto unaonekana mkono wake na maua, mashina yamefungwa kwa uzi mwekundu.