Kabla ya kuacha maharagi, jua kwanza ni ugonjwa gani unaokula viungo vyako

Ukilalamikia magoti au vidole hapa Bukavu, kabla hujamwona daktari utakuwa umeshakatazwa maharagi, sombe (majani ya muhogo), nyanya, ndimu na nyama, vyote kwa pamoja. Orodha hiyo inaumiza watu. Mgonjwa anabaki na bugali na chumvi, anadhoofika, na maumivu yako palepale. Chakula kina nguvu juu ya viungo, lakini samaki anayemfaa mgonjwa mmoja anaweza kumlaza kitandani mwingine.

Jongo, ambalo wengi wanaliita guti, huja ghafla, mara nyingi usiku. Kiungo kimoja, hasa cha kidole gumba cha mguu, kinavimba na kuwaka hata shuka haliguswi. Ni asidi ya uriki iliyozidi kwenye damu ikaganda chembe zenye ncha ndani ya kiungo. Kusagika kwa viungo huenda polepole: goti linauma ukishuka mteremko, linatulia ukipumzika. Baridi yabisi hushika vidole na vifundo vya mikono yote miwili, na asubuhi mikono haikunjiki kwa zaidi ya nusu saa.

Jongo ndilo linaloguswa na chakula waziwazi. Adui wa kwanza ni bia, hasa ikishushia mishikaki ya mbuzi, maini au figo. Kasiksi nayo ni pombe, hata kama imetoka kwenye ndizi. Adui wa pili watu humsahau: sukre, yaani soda. Sukari yake ikifika kwenye ini huzalisha asidi hiyohiyo, kwa hiyo aliyeacha bia akahamia sukre mbili kwa siku hajajisaidia sana. Maharagi, sombe na lengalenga hayana hatia wanayosingiziwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume kwa miaka 12, ulikuta kwamba purini (kitu kilichomo kwenye vyakula ambacho mwili hukigeuza asidi ya uriki) ya nyama na samaki inaongeza jongo, ila ya mboga haiongezi. Maziwa yalionekana hata kukinga, hasa yaliyoondolewa mafuta. Kahawa ya Kalehe au Idjwi haikatazwi, mradi usiijaze sukari.

Sasa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Wakavu ndio wa kuogopwa zaidi na mwenye jongo, kwa sababu maji yamekauka na purini imebaki, na kiganja kimoja kinabeba samaki wengi. Purini huyeyuka kwenye maji, na hapo ndipo mpishi ana uwezo. Loweka sambaza kwenye maji ya moto dakika 15, mwaga. Wachemshe dakika 10 kwa maji mengi mapya, mwaga tena. Ndipo uweke kitunguu na nyanya. Purini haiishi yote, inapungua tu, basi mwenye jongo atosheke na kiganja kimoja kwa wiki, na siku za shambulio asiwaguse. Kosa kubwa linalofanywa kwa upendo ni kumpa mgonjwa supu ya mbuzi ili apate nguvu: purini ya nyama imehamia humo kwenye supu. Mpe nyama kidogo iliyochemshwa, supu wanywe wengine. Anywe maji kama lita 2 kwa siku, isipokuwa daktari amemzuia kwa ajili ya moyo au figo.

Kwa magoti yaliyosagika hakuna chakula cha kukatazwa; kuna uzito. Kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua, na mji wetu ni kupanda na kushuka. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 mpaka 9 ataanza kuona tofauti. Tazama chungu cha sombe: mawese humiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa, na kila kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori 120 hivi. Pima kwa kijiko, vitatu vinatosha familia ya watu sita. Bugali usizidi ngumi moja, mboga ijaze nusu ya sahani.

Mwenye baridi yabisi, tofauti na mwenye jongo, anafaidika na samaki mara mbili au tatu kwa wiki, waliochemshwa au kupikwa kwa nyanya kuliko kukaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha tumika. Asitegemee nafuu kabla ya miezi mitatu hivi, wala asiache dawa, maana viungo vikishaharibika havirudi.

Labo yoyote nzuri inapima asidi ya uriki. Anayetibiwa jongo anatakiwa awe chini ya 6 mg/dl (nyingine huandika 60 mg/l). Wakati wa shambulio kipimo kinaweza kudanganya kikaonekana sawa. Rudia baada ya wiki mbili au zaidi. Chakula peke yake hushusha kama 1 mg/dl tu, kwa hiyo mwenye 9 hatafika 6 kwa kujinyima. Anahitaji dawa, mara nyingi alopurinoli (allopurinol), inayoanzwa taratibu kwa 100 mg au chini yake na kuongezwa na daktari, na haikatizwi shambulio likija. Kama unakunywa dawa ya presha ya kukojoza, mwambie daktari, kwani baadhi yake hupandisha asidi hiyo; usiiache mwenyewe.

Na kiungo kimoja kikivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda ni vijidudu, na vinaweza kukiharibu ndani ya siku chache.