Kabla hamjahesabu panya

Wadogo zangu mnaoanza fildi, nimepitia ripoti zenu nikashika kichwa. Makosa ni yale yale, kilichobadilika mwandiko tu.

1. Idadi si msongamano. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625 Mkoa wa Dodoma. Hiyo ni idadi. Gawa kwa kilomita za mraba 41,311 upate kama 75, huo ndio msongamano. Na kizio kiandikwe, watu kwa kilomita ya mraba, jamani!

2. Mwaka 2012 mkoa huu ulikuwa na watu 2,083,588. Kuna mwenzenu kaandika kwamba ongezeko lote ni watoto waliozaliwa. Haya, na watumishi wa wizara walioanza kuhamia hapa mwaka 2016, nao walizaliwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali? Vizazi, toa vifo, jumlisha wanaohamia, toa wanaohama. Vyote vinne, kila mara.

3. Kukamata, kutia alama, kukamata tena, ndivyo tunavyokadiria idadi ya panya. Hapa nitakaa, maana pananiuma. Kundi letu lilitega panya pembezoni mwa shamba la mtama, chambo siagi ya karanga na dagaa wa kusaga. Hereni za masikio zilikuwa stoo, mwenye ufunguo yuko msibani Bahi. Nikasema mimi, kwa kinywa changu, makapeni nyekundu inatosha. Tukawachora panya 40 mgongoni, tukawaachia. Mara ya pili tukanasa 30, wenye alama wawili. Arobaini mara thelathini, gawa kwa mbili: panya 600, katika kishamba kile! Nami nikasimama mbele ya darasa kuwatetea. Nikasingizia mvua, nikasingizia mavuno, hata uwezo wa mazingira, yaani idadi ya juu ya wanyama ambayo eneo linaweza kuwatunza, nikaupandisha ili panya wangu waenee. Msimamizi akaikodolea macho picha ukutani, akauliza taratibu: "Mbona hawa wasio na alama wana midomo myekundu?"

Panya hujilamba. Wangeonekana kumi wenye alama, jibu lingekuwa 120. Alama ikifutika, kigawanyo kinapungua na jibu linavimba.

4. Mitego ikaguliwe alfajiri. Panya ndani ya bati hamalizi asubuhi kwenye jua la Dodoma.

5. Uwezo wa mazingira haujachongwa kwenye jiwe. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na panya shamba huzaliana kwa kuzifuata. K, alama ya uwezo huo, ya Machi si ya Oktoba, kwa hiyo mkiitaja tajeni na mwezi. Marekebisho nayataka Ijumaa, kabla sijaondoka kwenda Kondoa.