Pauni 12 za samaki na chipsi: unalipia nini hasa?

Shemeji yangu wa London ana msimamo usiotikisika: samaki na chipsi kwa pauni 12 ni wizi wa mchana kweupe. Ana duka lake mtaani, pauni 7 na soda juu, na kila tukikutana lazima alisifie. Mimi niko Leeds, na duka ninalolitetea ubao wake wa bei hubadilishwa mara kwa mara, na haujawahi kubadilishwa kwenda chini. Wageni wakija kutoka Tanga, kila mmoja anawavutia kwake. Idd haipiti bila mada hii kufufuka.

Ushauri wangu kwa yeyote aliyehamia Uingereza, au anayekuja kutembea, ni kwamba bei ya ubaoni haikwambii kitu mpaka ujue mambo matatu: samaki ni yupi, kakaangwa kwa mafuta gani, na katoka kwenye karai saa ngapi. Ukishayajua hayo, mara nyingi duka la bei rahisi ndilo linalokula pesa yako.

Kwanza nimpe shemeji haki yake. Bei imepanda kweli. Kwa takwimu za serikali, sahani ya samaki na chipsi ilipanda kwa zaidi ya nusu katika miaka mitano hadi Julai 2024, ikafika karibu pauni 10 kwa wastani. Hiki kilikuwa chakula cha wafanyakazi wa viwandani, na hata wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, nyama na siagi vikigawiwa kwa kadi, samaki na viazi havikuwekewa mgao. Mzee wa Kiingereza anayekumbuka hayo akiona pauni 12 ubaoni, ana haki ya kuguna.

Lakini angalia pesa inakwenda wapi. Chakula cha moto cha kununua kinatozwa VAT ya asilimia 20, kwa hiyo kwenye zile pauni 12, pauni 2 kamili ni za serikali, duka likiwa na mauzo ya zaidi ya pauni 90,000 kwa mwaka. Kisha Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, kila kitu anachonunua mwenye duka kiliguswa kwa pamoja. Mafuta ya alizeti yalikuwa yakitoka Ukraine kwa wingi. Samaki weupe walikuwa wakitoka Urusi, na Uingereza ikawaongezea ushuru wa asilimia 35. Gesi na umeme vikapaa, na makarai haya hayazimwi saa zote za kazi. Majeraha hayo hayajapona, Norway na Urusi zikapunguza kiwango cha cod, yule samaki mweupe wa chipsi, wa kuvuliwa Bahari ya Barents huko kaskazini yao, kwa mwaka 2025 hadi tani 340,000, kiwango kilichokuwa cha chini kabisa wakati huo tangu 1991. Mwenye duka aliyebaki na bei ya pauni 7 katikati ya yote hayo kapunguza kitu mahali fulani. Kazi yako mteja ni kujua kapunguza nini.

Mara nyingi kapunguza samaki mwenyewe.

Sisi tuliokulia Pwani tunajua kununua samaki. Unafunua mashavu uone wekundu, unaangalia jicho, unabonyeza nyama kwa kidole uone kama inarudi. Huku ujuzi wote huo unabaki mlangoni, maana samaki anakuja hana kichwa na kavaa ganda la unga kutoka ncha hadi ncha. Kwa hiyo soma ubao. Ukiandikwa cod au haddock, samaki mweupe jamaa yake cod, sawa. Kusini mwa Uingereza wanapenda cod, huku Yorkshire, eneo ilipo Leeds, na Scotland ni haddock, na kila upande unamwona mwenzake hajui kula. Mimi niko upande wa haddock: mwembamba kidogo, lakini ana utamu wake, na hapa Yorkshire wanamchuna ngozi kabla ya kumkaanga, jambo ambalo huko London hawahangaiki nalo.

Ubao ukisema "samaki" tu, uliza. Siku shemeji aliponipeleka kwenye duka lake, niliuliza. Kijana wa kaunta akamtazama mwenzake, akasema ni samaki mweupe. Nikajibu kwamba hilo nilikuwa nimeshalikisia. Tulipokaa nikabandua ganda kwa uma: unga mnene, ndani yake bado una ubichi wa uji, halafu samaki mwembamba, mlaini, hana matabaka, akiacha maji kwenye karatasi. Cod au haddock aliyeiva nyama yake huachia yenyewe, mapande manene meupe yanayoteleza moja juu ya jingine. Yule hakuachia chochote, alilainika tu. Kwa dau langu alikuwa pangasius, samaki wa kufugwa anayetoka sana Vietnam. Si sumu, na wengi wanamla bila neno. Ila ni rahisi kuliko cod, na anayekuuzia asikufiche jina lake. Shemeji alisema unga nao ni chakula. Siwezi kumpinga, lakini unga wa kukaanga mimi nautengeneza nyumbani.

Kuna jina jingine utalikuta London na kusini mashariki: rock, pengine huss. Huyo ni papa mdogo. Hana miiba ya kukukwama kooni, ana uti mmoja laini wa katikati, na kwa mtu aliyezoea papa wa nazi si mgeni kabisa. Wageni wangu walimpenda kuliko cod.

Halafu barafu. Mtu wa Pwani akisikia samaki kagandishwa, anakunja uso, na maduka yanalijua hilo, ndiyo maana yanaandika kwa herufi kubwa kwamba samaki wao ni wa leo. Usibabaishwe. Sehemu kubwa ya samaki wazuri wa chipsi huvuliwa kwenye bahari ya baridi huko Norway na Iceland, wakasafishwa na kugandishwa ndani ya meli saa chache baada ya kutoka majini. Huyo ni bora kuliko samaki aliyelazwa juu ya vipande vya barafu siku kadhaa, akapita mikono mitatu, akafika dukani anaitwa hajagandishwa. Mwenye duka anayekwambia bila aibu kwamba samaki wake kagandishwa melini, mimi humwamini zaidi.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote mwenye mwiko wa nyama, sasa nisikilizeni vizuri. Wengi hudhani samaki ni samaki, hana tatizo. Hapa Yorkshire maduka mengi hukaangia mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa ajili yako. Wenyeji wanaapa kwamba bila mafuta hayo chipsi hazina ladha. Siwezi kuwaunga mkono wala kuwapinga, sijaonja. Kwingine wanatumia mafuta ya mimea, na wapo wachache wa mafuta ya nguruwe. Kuna wanaotia bia kwenye uji wa unga ili ganda liwe jepesi. Na hata kwenye mafuta ya mimea, tazama ubao: wakiuza soseji, kuna uwezekano mkubwa zinazamishwa kwenye karai lilelile.

Usiulize kama chakula ni halali. Kijana wa zamu atajibu ndiyo, kwa nia njema kabisa, kwa sababu anajua samaki ni halali na hapo maarifa yake yamekomea. Uliza hivi: mnakaangia mafuta gani? Soseji mnazikaangia wapi? Kwenye unga kuna bia? Watu hawa wameshazoea kuulizwa, hakuna atakayekushangaa. Bradford na Birmingham yapo maduka ya halali kabisa, na ukiwa njia hiyo unajipunguzia mahojiano.

Jambo la tatu ndilo linaloamua zaidi ya yote, nalo halihitaji senti moja: saa. Samaki wa kukaanga ana uhai mfupi. Akitoka kwenye karai, ganda linakuwa kavu na linalia chini ya uma. Dakika kumi kwenye boksi lililofungwa, mvuke unalilowesha lote. Kwa hiyo, kinyume na silika ya mtu mwenye njaa, fuata foleni. Ijumaa jioni ndiyo siku ya Waingereza kula samaki, foleni inafika nje, na hakuna samaki anayepata muda wa kulala. Saa tisa alasiri siku ya Jumanne ni balaa. Ukiingia, macho yapeleke kwenye kabati la kioo lenye joto juu ya makarai. Ukiona samaki wamepangwa humo na duka halina mteja, sema kwa upole: naomba unikaangie mpya, nitasubiri. Ni dakika saba au nane. Duka zuri halinuni. Likinuna, nenda zako.

Na ukiwa unasubiri, mtazame anayekaanga. Mama wa duka langu humshika samaki mkiani, anamzamisha kwenye uji wa unga, anampangusa upande mmoja kwenye ukingo wa beseni, kisha anamshusha kwenye mafuta taratibu kuelekea mbali na yeye, akimchezesha kidogo kabla ya kumwachia ili ganda lishike na asizame hadi chini. Anachota matone ya unga na kuyanyunyiza juu ya mgongo wake. Kisha anamgeuza mara moja tu. Nimeona mahali pengine wanatumbukiza sita kwa mpigo na kwenda kuchezea simu.

Mafuta mabovu yanajitangaza mlangoni kwa harufu inayokaba koo na kubaki kwenye koti lako hadi kesho yake. Lakini usihukumu kwa rangi ya chipsi peke yake. Kati ya Juni na Julai viazi vya ghala vinaishia na vipya vinaingia, vyote vikiwa na sukari nyingi kuliko kawaida, na chipsi zinatoka na madoa ya kahawia hata kwa mkaangaji hodari. Wageni kutoka nyumbani hulalamikia pia ulaini wake. Hizi si chipsi za kibandani za kukauka. Zinakatwa nene, na ndani zinatakiwa ziwe laini. Asiyezipenda hivyo hawezi kubadilishwa, tusigombane.

Kuhusu vyeti ukutani, cheti cha ushindi angalia mwaka wake, maana wapo wanaoning'iniza sifa ya mmiliki aliyeshauza duka zamani. Cha maana zaidi ni kile kibandiko cha usafi chenye namba kuanzia 0 hadi 5. Wales na Ireland ya Kaskazini sheria inawalazimisha kukibandika. England hailazimishi, kwa hiyo duka lisilo nacho mlangoni huenda lina sababu, na alama yake unaipata mtandaoni kwa dakika moja. Scotland wana utaratibu wao wa kufaulu au kutofaulu.

Sasa pochi. Sahani kamili ni kubwa kwa watu wengi, nusu ya chipsi hutupwa. Agiza ndogo; maduka mengi wanayo hata kama imeandikwa chini kabisa ya ubao. Mchana wengi wana bei maalumu, na wazee wana yao. Soda nunua dukani njiani, usiichukue kaunta. Tukiwa wengi, mimi naagiza samaki kwa idadi ya watu wazima, chipsi kubwa mbili za wote, na njegere za kupondwa, basi. Watoto wanagawana. Na hapa Yorkshire waombe vile vichembe vya unga vilivyokaangwa vinavyoelea kwenye mafuta. Wengi wanakupa bure, na watoto watavimaliza kabla hamjafika nyumbani.

Mahali ambapo mimi na shemeji hatubishani ni miji ya pwani ya watalii. Huko unalipia upepo wa bahari, na shakwe wanakupokonya hata hicho ulicholipia. Yapo maduka bora Whitby, sikatai, lakini tembea mitaa miwili mitatu kutoka gatini, uone wenyeji wanapanga foleni wapi. Kukaa karibu na maji hakumfanyi samaki kuwa wa pale. Huyo cod wa ufukweni naye katokea mbali kaskazini kama wa Leeds.

Ukibeba, fungua kifuniko cha boksi njiani ili mvuke utoke, hata kama gari litanuka. Bora zaidi omba wakufungie kwa karatasi tu, bila boksi. Na kama wewe ni wa ndimu na pilipili kama sisi, sema "bila siki" mapema kabisa, wakati wanakufungia wa mbele yako, kwa sababu ile chupa mkononi mwao haingoji jibu, na kilichomo mara nyingi si siki ya kuchachushwa bali tindikali ya siki iliyochanganywa na maji na kutiwa rangi.