Kafuri ni ya kupaka, si ya mtoto mchanga

SWALI: Ndugu Mhariri, mama mkwe hunichua mgongo kwa mafuta ya kafuri na maumivu hupungua. Sasa anataka mtoto wetu wa mwaka mmoja apakwe kifuani na puani akishikwa na mafua. Je, ni salama? Nami nikitaka kujitengenezea, nichanganye kiasi gani?

JIBU: Mwambie mama kwa heshima: hapana. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipakwe kafuri popote, sembuse puani. Ngozi yake huipitisha upesi, na ini lake bado halijakomaa kuivunja. Gramu moja ikimezwa inaweza kumuua mtoto mdogo, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta yenye kafuri asilimia 20 kina takriban gramu hiyo. Degedege laweza kuanza dakika chache tu baadaye. Akimeza, msimtapishe, maana degedege likimkuta anatapika atapaliwa. Mkimbizeni hospitali, na chupa muibebe.

Mgongo wako ni jambo jingine. Kafuri, ambayo asili yake ni mbao za mkafuri zilizokenekwa kwa mvuke, huamsha neva zinazohisi joto na baridi, maumivu yakafifia kwa muda. Msuli wenyewe haiuponyi. Hata pua inayoonekana kuzibuka ni ubaridi tu unaousikia. Njia ya hewa haijapanuka.

Tumia gramu 5 za kafuri kwa gramu 95 za vaselini, zilizopimwa kwa mizani. (Marekani hairuhusu dawa ya kupaka izidi asilimia 11.) Kafuri kavu hunata kinuni, idondoshee spiriti kidogo, mbali na moto, ndipo isagike. Chembe zikibaki zitachoma ngozi. Yeyusha vaselini juu ya maji ya moto, ipua, zima jiko, ngoja ianze kuwa nzito, ndipo utie unga na kukoroga. Hapa ndipo wengi huharibu: wakitia ikiwa ingali motoni, kafuri hugeuka mvuke na kupotea, na mvuke huo hushika moto. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana.

Usipake penye kidonda, wala usikande kwa maji moto juu yake, kwani itaingia mwilini kupita kiasi. Mjamzito aiepuke, hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Tena hakikisha ni kafuri kweli, kwa kuwa vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo mara nyingi ni naftalini, ambayo ni sumu. Tumbukiza kipande kwenye maji yasiyo na chumvi: kafuri huelea, naftalini huzama.