Fanicha za nyumba ya mwanasesere, anza na vya ndani kwako

Dada umeuliza utapata wapi fanicha ndogo za nyumba ya mwanasesere bila kununua, usihangaike, vingi unavitupa kila siku. Kwanza chagua skeli, wengi tunatumia 1:12, yaani meza ya kweli yenye kimo cha sentimita 72 inakuwa 6 tu, ukichanganya skeli hata kitu kizuri kinaonekana cha ajabu kikikaa na vingine.

Mi napenda sana kabati la viberiti: chukua maboksi matatu matupu, yapange moja juu ya jingine, gundisha, halafu zungushia karatasi ila mbele na nyuma acha wazi ili droo zitoke, shanga moja kila droo ndo kishikio. Gundi kidogo tu aisee, ikipenya ndani droo zinaganda, la kwanza liliniharibikia hivyo na roho iliniuma. Kifuniko cha dawa ya meno ni chungu cha maua, kifungo cha shati sahani, foili iliyonyooshwa kwa mgongo wa kijiko ndo kioo. Na kama kuna mtoto chini ya miaka 3, shanga na vifungo weka mbali kabisa, akimeza vinaweza kumkaba.