Vidonge vya antioksidanti wakati wa tibakemikali

SWALI: Daktari, shikamoo. Shangazi yangu anatibiwa saratani ya matiti, na kila baada ya wiki tatu hupewa kwa mshipa dawa nyekundu iitwayo doksorubisini. Jirani amemuuzia vidonge vya vitamini C na E vya nguvu kubwa, akidai kwamba huondoa sumu ya oksijeni mwilini. Mimi nimesikia kwamba dawa yenyewe huitumia oksijeni hiyohiyo kuzuia saratani. Tushike lipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Ulichosikia kina ukweli, na jirani naye hakutunga uongo, ila amechukua habari nusu.

Kila seli, inapochoma chakula ili kupata nguvu, hutoa molekuli kali za oksijeni kama vile superoksaidi na hidrojeni peroksaidi. Zikiwa kidogo, huwa ishara zinazoihimiza seli kugawanyika. Zikizidi uwezo wa seli wa kuzizima, huanza kuharibu utando wake, protini zake na DNA, na hali hiyo ndiyo huitwa mkazo wa oksidisho. Seli ya saratani, kwa kuwa hukua kwa pupa, huishi karibu na kikomo hicho muda wote, ikijikinga kwa glutathioni, kemikali ya seli yenyewe inayozizima molekuli hizo, kwa hiyo nyongeza ambayo seli ya kawaida ingeistahimili huweza kuilemea.

Kazi kuu ya doksorubisini ni kukinasa kimeng'enya cha topoisomerasi II, ambacho hukata DNA na kuiunga tena, hivyo kwamba mikato inabaki wazi. Pamoja na hayo, dawa hii hupokea elektroni na kuikabidhi oksijeni, kisha hupokea nyingine, na kila mara superoksaidi huzaliwa. Protini ya p53 ikiarifiwa kwamba DNA imeharibika, huchochea kutengenezwa kwa protini nyingine, p21, nayo huvizuia vimeng'enya vinavyosukuma mgawanyiko. Seli husimama papo hapo. Kusimama si kufa, jambo ambalo ndugu wa wagonjwa wengi hawaelezwi. Seli iliyosimama huweza kufa, huweza kuzeeka bila kugawanyika tena, na huweza pia kujikarabati na kuendelea, na hiyo ni sababu mojawapo ya dozi kurudiwa.

Sasa vidonge. Antioksidanti, kama vitamini C na E, huzizima molekuli hizo kali za oksijeni, kwa hiyo hofu ni kwamba zitaikinga na seli ya saratani dhidi ya dawa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia wanawake 1,134 wa saratani ya matiti waliopewa dawa zikiwemo doksorubisini. Wale waliotumia vidonge vya antioksidanti kabla ya matibabu na wakati wa matibabu walielekea kurudiwa na ugonjwa zaidi ya wengine. Waliovitumia walikuwa wachache, kwa hiyo matokeo hayo si uthibitisho kamili, lakini kwangu yanatosha kumshauri shangazi aviweke kando hadi tiba iishe, na amwonyeshe daktari wake chupa yenyewe, kwa sababu vipimo vya vitamini vilivyoandikwa kwenye lebo ndivyo atakavyotaka kuvisoma. Machungwa, mchicha na mapapai hayamo katika katazo hili. Ale kadiri anavyoweza.

Asiogope pia mkojo ukiwa mwekundu kwa siku moja au mbili baada ya dozi, maana hiyo ni rangi ya dawa. Cha kuangaliwa zaidi ni moyo, ambao una mitokondria nyingi, yaani vinu vya nguvu vya seli, na kinga hafifu dhidi ya molekuli kali za oksijeni. Ndiyo maana madaktari hujumlisha dozi zote za maisha na kwa kawaida hawapendi zivuke miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la nje la mwili. Mpango wa dozi nne za miligramu 60 kwa kipimo hichohicho hufika 240 tu. Akianza kuhema anapopanda ngazi au miguu ikivimba, aende hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.