Alifufuka, amefufuka au akafufuka?

SWALI: Bwana asifiwe, mwalimu. Nafundisha shule ya Jumapili hapa Kisumu. Pasaka iliyopita tulitundika bango langoni: "Kristo amefufuka". Mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, akatuambia tufute, kwamba jambo la zamani hivyo ni la -li-, tuandike "alifufuka". Vijana nao wanataka "kafufuka", na katika Imani ya Mitume tunakariri "akafufuka". Tushike lipi?

JIBU: Asifiwe sana, dada. Bango lenu lilikuwa sawa. Kanuni ya mzee ni ya kweli, ila ameitumia pasipo pake. Kiambishi -li- hulipeleka tendo kwenye wakati wake na kuliacha huko. Kiambishi -me- hakijali sana tendo ni la lini. Kinachosema ni kwamba matokeo yake yangalipo. Nenda steji uulizie matatu ya Busia. Ukiambiwa "imeondoka", ujue haipo, tafuta nyingine. Ukitaka saa utauliza, "Iliondoka saa ngapi?" (Wanaosema "imeondoka saa ngapi" ni wengi huku kwetu na wanaeleweka, lakini katika insha ningewatilia wino mwekundu.) Kwa Wajaluo hili si geni: "osebiro" ya Kidholuo ina -se- inayofanya kazi hiyo hiyo, amekwisha kuja.

Sasa mfungue Mathayo 28:6 katika Biblia ya Union ya mwaka 1952, ile ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Malaika anawaambia wale wanawake: "Hayupo hapa, kwani amefufuka kama alivyosema." Viambishi vyote viwili vimo katika pumzi moja. Alisema zamani, kule Galilaya, na maneno yakapita. Amefufuka, na kaburi ni tupu wanalitazama. Badilisheni msome "alifufuka kama alivyosema" na malaika anageuka mwalimu wa historia. Katika Luka 24:34 ni hivyo hivyo, "Bwana amefufuka kweli kweli", na hapo ndipo penye mzizi wa salamu ya Pasaka na kiitikio chake.

Mzee naye ana ushahidi wake. Katika 1 Wakorintho 15, Paulo anapopanga matukio anasema Kristo alikufa, alizikwa, alifufuka siku ya tatu. Siku imetajwa, basi -li- imepata makao. "Amefufuka siku ya tatu" ingekwaruza sikio. Lakini teremkeni hadi aya ya 20: "Lakini sasa Kristo amefufuka katika wafu". Hilo "sasa" ndilo lililoita -me-.

Katika sura hiyo hiyo kuna jambo ambalo hamkuuliza, nami siwezi kulipita. Kinyume cha "amefufuka" tunachofundisha darasani ni "hajafufuka". Paulo hakipi nafasi. Aya ya 14 inasema "kama Kristo hakufufuka", kwa sababu "hajafufuka" huacha mlango wazi: bado, labda kesho. Hoja yake haina labda.

"Akafufuka" ni la masimulizi. Katika Imani ya Mitume -ka- zinafuatana moja baada ya nyingine: akasulubiwa, akafa, akazikwa, akafufuka, akapaa. Kisha mnyororo unakatika ghafla. Wakatoliki husema "amekaa kuume", wengine "ameketi", kwa maana yuko huko hadi leo, na baada yake "atakuja". Likiwa peke yake langoni, "Kristo akafufuka" litamfanya mpita njia aulize, baada ya nini?

Vijana wenu nao hawajakosea. "Kafufuka" ni "amefufuka" iliyofupishwa, na Pwani na Tanzania utaisikia kila siku. Si ndugu wa "akafufuka". Waiimbe watakavyo. Kwenye bango la Kisumu, hata hivyo, nusu ya waumini watadhani mchoraji amesahau herufi.